Chatu wa gereji, Columbus, Ohio: nyota nne

Jamaa huyu anafuga chatu wadogo wa Afrika Magharibi, wale wanaojikunja kama mpira, kwenye gereji ya nyumba yake. Mchana ni fundi bomba, na nadhani ndiyo maana hana haraka ya kuuza. Mayai yake hukaa nyuzi 31 mpaka yaanguliwe, kama siku 60 hivi. Alikataa kunipa mtoto wa chatu kabla hajala panya mbele yangu. Wale wa jeni ya “spider”, jeni inayowapa rangi ya pekee, hazalishi kabisa, japo rangi zao zina wateja, kwani jeni hiyo huwafanya watikise kichwa ovyo. Wapo wauzaji wa kwenye maonyesho wasiokuambia hilo! Bei dola 150, hapunguzi hata senti. Nyota moja nimeikata kwa harufu ya panya. Mke wangu aligoma kushuka garini.