FreeCAD 1.0 kwa sisi tunaochora ramani za nyumba: uzoefu wangu

Wakuu habari zenu. Mimi nachora ramani za nyumba za kuishi, na kipimo changu cha programu yoyote ya kuchorea ni kimoja tu, mteja akibadili mawazo kazi ikiwa imeshafika katikati, modeli inahimili au inasambaratika? Maana wateja wetu wa huku Bongo kubadilisha ni lazima, leo anataka vyumba vitatu na paa la kawaida, baada ya muda kapita mtaani kaona nyumba ya mtu, sasa anataka paa la kuficha, sebule isogee mbele, na masta iwe na sehemu ya kubadilishia nguo. Na bei mmeshakubaliana. Kwa kipimo hicho ndo naielezea FreeCAD toleo la 1.0 lililotoka Novemba 2024.

Kwa asiyeijua, FreeCAD ni programu ya bure kabisa, siyo bure ya majaribio ya mwezi mmoja, leseni yake ni LGPL yaani unaitumia hata kwenye kazi za biashara na hakuna atakayekudai, na inakaa kwenye Windows, Linux na Mac. Ilianzishwa 2002 na Jürgen Riegel akiwa na Werner Mayer, kwa hiyo imechukua zaidi ya miaka 20 mpaka wenyewe wakaridhika kuiita 1.0, kabla ya hapo tulikuwa na 0.19, 0.20, 0.21. Sehemu ya majengo imebebwa kwa miaka mingi na Yorik van Havre ambaye ni msanifu majengo kwa taaluma, na ukiitumia unaona kabisa kuna mtu anayejua ukuta ni nini.

Nianze na jambo kubwa kuliko yote kwenye hili toleo, ambalo kwenye picha za matangazo hata halionekani. Matoleo ya nyuma yalikuwa na ugonjwa maarufu. Programu ilikuwa inazipa nyuso za umbo majina ya namba, uso wa 1, uso wa 2, uso wa 6, halafu wewe unachora kitu juu ya uso wa 6, mfano ngazi za kibarazani au shedi ya zege juu ya dirisha. Sasa ukirudi nyuma kwenye mchoro wa kwanza ukaongeza kona moja tu namba zinahama, uso wa 6 unakuwa ni uso mwingine kabisa, na ile shedi inarukia pembeni ya jengo au inawaka nyekundu na kila kilichofuata nacho kinakufa. Watu wengi waliachana na FreeCAD kwa hilo tu na siwalaumu. Kwenye 1.0 uso au ukingo unabeba historia ya ulikotokea, kwa hiyo ukibadilisha mchoro wa chini programu inaweza kuutambua uso uleule hata kama namba imebadilika. Msingi wa kazi hii ulitoka kwa mchangiaji mmoja anayejulikana kama realthunder, aliyekuwa na tawi lake la FreeCAD kwa miaka, yaani nakala aliyoiendeleza kivyake, halafu wengine wakaiingiza kwenye programu kuu kidogo kidogo. Watengenezaji wenyewe wanasema tatizo limepunguzwa, hawasemi limeisha, na hivyo ndivyo ninavyoiona mimi pia, ukifuta kabisa ule ukingo ulioegemea usitegemee muujiza. Lakini kusogeza, kurefusha, kuongeza kona, vitu ambavyo mteja anaviomba kila siku, sasa hivi navifanya bila moyo kunidunda.

La pili ni BIM, yaani kuchora jengo kama modeli ambayo ukuta unajulikana ni ukuta na dirisha ni dirisha, siyo mistari tu. Zamani kulikuwa na sehemu iitwayo Arch ndani ya programu na nyingine iitwayo BIM unaiongeza mwenyewe, vitu vinafanana mpaka mtu mgeni hajui ashike ipi. Sasa zimeunganishwa kuwa moja, BIM, inakuja na programu yenyewe. Humo ndani unapata ukuta, nguzo na mihimili, slabu, madirisha na milango, ngazi, paa, kenchi, nondo, nafasi za vyumba, ghorofa, jengo na kiwanja.

Ukuta unauchora kama mstari tu unaupa upana na urefu wa kwenda juu. Mimi ninachokipenda ni kwamba unaweza kuujenga kwa tabaka, plasta milimita 15, tofali la inchi 6 yaani 150, plasta nyingine 15, jumla 180, na kila tabaka linakaa kivyake kwenye modeli. Dirisha ukiliweka juu ya ukuta tundu linakatika lenyewe. Hapa kuna kitu nakisisitiza kwa anayeanza: kwenye sifa za dirisha kuna kipengele cha kulifanya lihame pamoja na ukuta wake, kiwashe mapema kabisa, vinginevyo ukisogeza ukuta dirisha linabaki linaelea hewani na tundu halipo.

Paa ndo sehemu niliyokaa nayo muda mrefu zaidi kwa sababu siku hizi nusu ya kazi ni paa la kuficha. Unachora umbo lililofungwa kuzunguka nyumba, unabonyeza paa, halafu kila upande unaupa nyuzi zake za mteremko na jinsi linavyotokeza nje ya ukuta. Ukitaka upande uwe na pembe tatu ya ukuta badala ya mteremko unaupa nyuzi 90 basi. Kwa paa la kuficha naweka nyuzi chache tu, naondoa kutokeza, halafu kuta za kufichia nazichora kama kuta tofauti juu ya lenta, na zile kuta za ndani nazikata kwa paa lenyewe ili zisichomoze juu ya bati. Mteja akisema mteremko uongezwe ili maji yasituame, unabadilisha namba moja, paa linajipanga na kuta zinakatwa upya zenyewe. Kusema ukweli hapa ndo niliposhawishika.

Sasa tuje kwenye IFC, na hapa naomba msome taratibu maana ndo kitu kitakachotusaidia sana sisi tusio na ofisi kubwa. IFC ni fomati ya wazi ya modeli za majengo, ni kiwango cha kimataifa kabisa, ISO 16739, na programu kubwa za majengo zinaisoma. Kwa utaratibu wa zamani FreeCAD ilikuwa inaitafsiri IFC kuingia kwenye lugha yake, unafanya kazi, halafu inaitafsiri tena kutoka, na kila tafsiri kuna kitu kinapotea. Kwenye 1.0 inafanya kazi moja kwa moja ndani ya faili la IFC lenyewe. Ukibadili urefu wa ukuta mmoja, kinachobadilika ndani ya faili ni mistari ya maandishi inayohusu ukuta huo, mengine yote yanabaki kama mwenzako alivyoyaacha. Yaani injinia wa nondo anayetumia programu ya kulipia anaweza kukutumia modeli yake, ukafanya yako, ukamrudishia, na hakuna anayemlazimisha mwenzake anunue kitu. Unachagua mwenyewe pia, faili zima liwe mradi wa IFC, au mradi wa IFC ukae ndani ya faili la kawaida pamoja na michoro yako mingine. Mimi nikiwa bado nachezea wazo natumia hii ya pili, ina uhuru zaidi.

Makadirio nayo yamo. Kuna kitufe cha kutengeneza jedwali, unaliambia hesabu milango yote, jumlisha eneo la kuta zote za nje, linakuletea kwenye jedwali la hesabu na unaweza kulitoa kama CSV, faili ambalo hata Excel inalifungua. Kwa tofali za inchi 6 zile za kawaida ambazo mita moja ya mraba inakula kama 8 hadi 9, ukishapata eneo la ukuta bila madirisha hesabu ya tofali ni ya dakika moja, na mteja akipunguza chumba jedwali unalisasisha tu huhesabu upya kwa kalamu.

Mengine nayapitia harakaharaka. Ukifungua mara ya kwanza inakuuliza lugha, vipimo, mtindo wa kuzungusha modeli na rangi ya skrini nyeupe au nyeusi, hapo kwenye mtindo wa kuzungusha waliozoea Revit, ile programu ya kulipia ya majengo, wapo na wao, na wenye laptopu isiyo na mausi wapo. Kwenye michoro sasa unaandika kipimo palepale wakati unachora mstari, huhitaji kurudi baadaye kuweka vipimo kimoja kimoja, na kuna vifaa vya kuzungusha na kutoa mstari sambamba ambavyo tulivililia miaka. Kifaa cha kupimia kimefanywa kimoja kwa kila kitu. Mfumo wa materiali umeandikwa upya. Kuna na sehemu ya kuunganisha vipande vya mashine, watu wa mitambo wameifurahia sana, mimi sina kazi nayo.

Panapohitaji uvumilivu ni kwenye karatasi, yaani ile hatua ya kutoa plani, sekisheni na muonekano wa mbele kwa ajili ya kupeleka halmashauri kuombea kibali. Sehemu inaitwa TechDraw, inatoa PDF na DXF, ukubwa wa A3, A1 vyote vipo, lakini sekisheni ya nyumba yenye vitu vingi inachukua muda kukokotolewa na mtu aliyezoea AutoCAD ataona kuweka vipimo na maandishi ni kazi ndefu. Ninachofanya mimi ni kuandaa templeti yangu mwenyewe ya karatasi yenye kisanduku cha jina la mteja, namba ya kiwanja na skeli, nikishaiandaa mara moja inatumika kwenye kila kazi, na ile kujisasisha yenyewe ya karatasi naizima mpaka nimalize kuchora. DWG, yaani fomati ya mafaili ya AutoCAD, nayo haifunguki hivihivi, lazima uweke kibadilishi pembeni, kama ODA File Converter ambayo unaidaunlodi bure, halafu unaionyesha FreeCAD kilipo. Na picha zile za kung'aa za kumuonyesha mteja usizitafute humu, modeli ipeleke Blender ambayo nayo ni bure.

Kwa wanaouliza kama inafaa kuacha programu ya kulipia: kama una leseni halali na kazi zako zinakwenda, huna haraka. Ila kama unatumia kreki, yaani programu iliyovunjwa leseni, na najua wengi tunajuana, zile programu kwa mwaka zinadai mamia mpaka maelfu ya dola na kreki zinakuja na virusi vinavyokula mafaili ya wateja, basi hii 1.0 ichukue uifanyie mradi mmoja mdogo wa nyumba ya vyumba viwili mwanzo mpaka mwisho, usianze na ghorofa.

Na wenye kazi za zamani za 0.21, fungua nakala siyo faili lenyewe, amuru ikokotoe kila kitu upya, kagua madirisha na vitu vilivyochorwa juu ya nyuso kimoja kimoja, ukiridhika ndo usevu kwa jina jipya, kwa sababu faili likishasevuliwa kwenye 1.0 usitegemee litarudi kufunguka vizuri kwenye toleo la nyuma.