Plasta, si kiganja

Nyota nne kati ya tano kwa kliniki hii ya macho, na hiyo moja wameipoteza dirishani, si kwenye chumba cha vipimo.

Mwanangu ana miaka minne na nusu. Nusu mwaka nyuma alipimwa macho mahali pengine, tukaambiwa yako sawa. Nilikuwepo. Aliambiwa azibe jicho la kushoto kwa kiganja, akaziba, vidole vimeachana, akachungulia katikati na kutaja kila kitu. Hata mimi nilimpigia makofi.

Hapa nesi hakutaka mambo ya kiganja. Alibandika plasta pana juu ya jicho la kulia, akaibonyeza kingo mpaka pembeni mwa pua. Kisha akaonyesha chati ya picha, maana mtoto wa umri huu herufi hazijui: nyumba, tufaha, duara, mraba. Mwanangu akazitaja mbiombio. Plasta ilipohamia jicho la kushoto, mambo yakageuka. Aligeuza shingo, akaanza kulia, akaivuta plasta kwa kucha. Nikamkemea. Nesi akanigusa mkono: "Mama, huyu si mkaidi. Nimemziba jicho analolitegemea."

Nilinyamaza.

Kwa daktari alitiwa matone yanayowasha (jiandaeni kwa kilio), tukakaa kama dakika 40 mboni zipanuke. Daktari akammulika huku akibadilisha lenzi mbele ya jicho, akapata namba ya miwani bila kumwuliza mtoto swali hata moja. Jicho la kulia lina namba kubwa kuliko mwenzake, na ubongo umezoea kulipuuza. Wanaliita jicho vivu. Hana kengeza, hajikwai, hasogelei televisheni; ukimtazama usoni huoni kitu. Mtoto naye hawezi kulalamika, kwa kuwa hajui kwamba wengine wanaona kwa macho mawili. Kinachotakiwa ni miwani kwanza, baadaye plasta kwenye jicho lenye nguvu kwa saa 2 kwa siku, ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Daktari alisema tiba hushika vizuri zaidi kabla ya miaka 7.

Sasa hiyo nyota. Kati ya nesi na daktari kuna dirisha la miadi, na pale nilipewa tarehe ya wiki saba mbele, juu ya kikaratasi kisicho na namba ya simu. Karatasi ya nesi iliandikwa "mapema". Nilirudi asubuhi tatu kuuliza kama kuna aliyeahirisha, ya tatu nikabahatika. Mzazi asiyeweza kuomba ruhusa kazini mara tatu angengoja tu. Fremu za watoto nazo zilikuwa mbili, zote zikimteleza puani; tulichukua yenye mkanda wa nyuma.

Mkienda, mpelekeni akiwa ameshiba na amelala vya kutosha. Bebeni kofia, kwa sababu mwanangu alikimbia mwanga mpaka kesho yake. Na nesi akishika plasta, msimzuie.

Ninapoandika haya zimebaki dakika 25 za plasta ya leo. Ameshaniuliza mara nne kama muda umeisha.