Uzoefu wangu: jumba la upepo, dada wa michezo na sherehe ya watoto Dodoma

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aondoke na kitu: kama unaandaa sherehe ya watoto nyumbani hapa Dodoma na hela haitoshi kila kitu, kodi kwanza mtu wa kuwachezesha. Vifaa vifuate, hela ikibaki. Mimi nililipia vyote na nikaona kila kimoja kilivyofanya kazi uani kwangu Kisasa. Naeleza kwa kirefu kwa sababu nilipokuwa natafuta huduma hii, kila niliyemuuliza alinijibu "wako vizuri, wewe piga tu simu", basi.

Sherehe ilikuwa ya binti yangu kutimiza miaka 6, mwezi wa nane. Watoto walikuwa kama 30: wa majirani, wa darasani kwake, binamu zake wa Kongwa, na wengine waliokuja na treni ya SGR kutoka Dar. Mdogo kabisa ana miaka 3, mkubwa yuko la saba. Mchanganyiko huo wa umri ndio unaovuruga sherehe nyingi za nyumbani. Wakubwa wanajitenga na simu, wadogo wanalia, na mama mwenye shughuli anaamua ugomvi huku pilau inaungua.

Niliowakodi ni kikundi cha vijana wa hapa mjini. Jina lao sitalitaja, maana nina malalamiko pia na nimeshawaeleza wenyewe. Nililipa shilingi 280,000 kwa jumba la kurukia la kujazwa upepo, spika na mtu wa muziki, mchoraji wa nyuso, na dada mmoja wa kuongoza michezo kwa saa nne. Nusu unatuma kwa simu kabla, nusu unamalizia siku yenyewe.

Jumba lilifika limekunjwa nyuma ya kirikuu, safi, halina harufu. Kabla ya kulikunjua vijana walifagia, wakatandika turubai zito, kisha wakavua viatu na kupita peku juu yake kuhakikisha. Hapo waliniridhisha sana. Anayeijua Dodoma anazijua mbigiri: mchanga unauona mtupu, ukikanyaga peku ndipo unapiga yowe. Bado hujataja miba ya migunga inayoletwa na upepo kutoka viwanja vya jirani ambavyo havijajengwa.

Kilichonitia hofu ni upepo wenyewe. Kiangazi cha hapa, Juni mpaka Oktoba, upepo unavuma mpaka vumbi linaingia kwenye vyombo ulivyofunika. Jumba hili likishajaa linakuwa na kuta pana, na upepo unapata pa kusukuma. Desemba 2021, katika shule moja mjini Devonport, Australia, upepo wa ghafla uliliinua jumba la namna hii wakati wa sherehe za kufunga mwaka, na watoto 6 wakafariki. Uingereza utaratibu wao ni kwamba jumba la nje liwe na sehemu zisizopungua 6 za kufungia ardhini, na upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa watoto watolewe. Kama huna kipimo, tazama miti. Ukiona miti midogo yenye majani inayumba mzima, shina na matawi, upepo umeshafika au unakaribia kiwango hicho.

Vijana hawakuwa na kipimo cha upepo, na hilo ni pungufu kwa watu wanaofanya kazi hii katika mji huu. Ardhi nayo haikuwasaidia. Mwezi wa nane udongo umekauka kiasi kwamba vigingi vya chuma vilipinda. Mmoja wao akataka kufunga kamba kwenye nguzo zangu za kuanikia nguo. Nikamwambia, "Hapana mwanangu, hizo mtoto akining'inia zinatikisika." Hakubishana. Waliondoka na kirikuu wakarudi na viroba vya mchanga, wakafunga kila kona na katikati ya kila upande. Kazi hiyo ilikula muda mrefu, watoto wamesimama wanaangalia, wengine wameshaanza kununa. Sijutii hata dakika moja ya muda ule.

Jambo jingine ni jua. Plastiki ya jumba ikipigwa na jua la saa saba inaunguza miguu. Sisi tulifungua saa tisa, kivuli cha nyumba kilipokuwa kimefika.

Sasa kuna kitu ambacho wazazi wengi tunaokodi hatuelezwi. Jumba hili halijazwi mara moja likafungwa mdomo. Kuna feni ya umeme inayopuliza muda wote, kwa sababu upepo unavuja kwenye mishono, na limetengenezwa hivyo makusudi. Feni ikizimika, dakika chache tu kuta zinalala, na aliye ndani anafunikwa.

Na umeme ulikatika. Wadogo ndio waliokuwa na zamu. Kijana aliyesimama mlangoni hakupiga kelele wala kukimbia. Aliinua ukuta wa mbele kwa mabega, akawatoa mmoja mmoja, wachanga kwanza, akawahesabu, akaingia ndani kuhakikisha hakuna aliyebaki. Hakuna aliyeumia. Kijana yule anaijua kazi yake, na ukiwakodi watu wa majumba haya uliza mapema nani atasimama mlangoni muda wote. Wakikuambia "tutakuwa tunapita kuangalia", tafuta wengine.

Malalamiko yangu makubwa ni jenereta. Kwenye simu niliuliza kama ipo, nikajibiwa ipo. Kweli ilikuwepo, imefungwa juu ya gari, haina petroli. Mtu akatumwa kituo cha mafuta, na jumba likalala karibu saa nzima. Mteja akiuliza jenereta anaulizia inayowaka, na mtoa huduma analijua hilo vizuri.

Saa hiyo moja ndiyo iliyonifanya nimwone vizuri yule dada wa michezo.

Alikuwa amefika kabla ya wenzake wote. Alimsalimia mama mkwe wangu kwa Kigogo, "Mbukwa", bibi akaitikia kwa furaha na kumvutia kiti. Kisha akaniuliza maswali ambayo wenzake hawakuuliza: "Mama, watoto wana umri gani? Kuna mwenye pumu? Kuna asiyesikia vizuri? Choo wanachotumia kiko wapi? Mbwa amefungwa?" Akazunguka ua mzima, akaokota kipande cha chupa karibu na tangi la maji. Maputo yalipoanza kupasuka, yeye ndiye aliyekuwa akiinama kuokota vipande, kwa sababu mtoto mdogo akitia kipande cha puto mdomoni kinaweza kumkaba koo.

Umeme ulipokatika hakungoja kuitwa. Alianza kupiga makofi kwa mdundo, watoto wakaitikia kwa makofi, naye akatembea taratibu kuelekea chini ya mwarobaini huku akiendelea kupiga. Wakamfuata wote, hata waliokuwa wanataka kulia.

Wadogo aliwachezesha nyama nyama. Anataja mnyama, kama analiwa, wanaruka na kuitikia "nyama!", kama haliwi, wanatulia, na anayeruka anatoka. Ng'ombe, wakaruka. Mbuzi, wakaruka. Fisi, wa miaka 3 akaruka peke yake, na badala ya kutolewa akapewa cheo cha kumsaidia dada kuwakagua wengine. Niligundua pia kwamba nguruwe hakutajwa hata mara moja. Pale uani kulikuwa na watoto wa Kiislamu na wa Kikristo, na mchezo wenyewe umejengwa juu ya kinacholiwa na kisicholiwa. Hakuna aliyemwelekeza. Nilimheshimu sana kwa hilo.

Wakubwa, wale wa simu, hakuwabembeleza. Aliweka chupa tupu za maji katikati ya ua na kutoa mpira wa matambara alioushona mwenyewe, laini, mtoto akipigwa nao haumii. Ilikuwa rede: wawili wanarusha mpira kutoka pande mbili, walio katikati wanakwepa huku wanajaza mchanga kwenye chupa, na anayeguswa na mpira anatoka. Vijana wa Dar walisema huo ni mchezo wa wasichana. Binti mmoja wa Kongwa akajaza chupa mpaka juu bila kuguswa, na baada ya hapo wavulana wakawa wanagombea zamu. Simu zilikaa kwenye dirisha la jikoni mpaka jioni.

Kulikuwa na watoto wawili wasiotaka kukimbia, mmoja ana pumu na vumbi lilikuwa jingi. Hao aliwapeleka upande wa nyumba usio na upepo, akawachimbia kishimo cha mdako, akawaachia kokoto na kurudi kila baada ya muda kuwaona. Mwenye pumu alikuwa na mkono mwepesi ajabu, na baadaye wenzake wakaja kuomba awafundishe. Mama yake aliponipigia usiku, hilo ndilo alilolisema kwanza.

Walipochoka aliwaketisha kwa vitendawili.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Kuku wangu katagia mibani."

Watoto waliokulia Dodoma katikati ya migunga wakataja kila ndege wanayemjua. Wakashindwa, akadai mji. Wakampa Mpwapwa, akakataa. Wakampa Dar es Salaam, akakubali na kuanza safari: nilipokwenda Dar es Salaam nilipanda treni, abiria wote wakanipisha nikae dirishani, wakauliza huyu ni nani, wakaambiwa ndiye mwenye kuku aliyetagia mibani, wakanipokea stesheni kwa ngoma... Aliirefusha safari mpaka watoto wakawa wanapiga kelele "tuambie!" ndipo akasema: nanasi. Mama mkwe naye akatega cha kwake, na watoto wakampa Kongwa yote bibi atawale.

Umeme uliporudi na jumba kuinuka, waliokimbilia kuruka walikuwa wachache kuliko waliobaki chini ya mti.

Nina neno moja kuhusu mpango wao kwa huyu dada: watoto 30 kwa mtu mmoja ni wengi mno. Alifaulu kwa sababu mdogo wangu alimshika mkono, akawa anawapeleka wadogo chooni na kuwanywesha maji. Kikundi kinapaswa kumpa msaidizi, na mimi ningelipia bila manung'uniko.

Mchoraji wa nyuso alifanya vizuri. Alipaka kidogo kwenye mkono wa kila mtoto na kusubiri kabla ya kupanda usoni, na chui wake walikuwa chui kweli. Wekeni maji ya kutosha ya kunawisha, kwa sababu mabomba ya mtaani hayatabiriki.

Muziki ndio ulionikera. Kijana alileta nyimbo zile zile za baa, zenye maneno ya kitandani, akawapigia watoto wa miaka 6. Nilimwendea mara ya kwanza kwa upole, akabadilisha, kisha zikarudi. Mara ya pili nikazima spika mwenyewe. Anayejitangaza kwa sherehe za watoto lazima awe na orodha ya nyimbo za watoto aliyoisikiliza mwanzo mpaka mwisho. Hili silisamehe kirahisi, maana mtoto anaimba anachosikia, na kesho yake anaimba darasani.

Kwa bei, jumba peke yake ni 150,000 kwa siku, dada peke yake ni 60,000 kwa saa nne, nauli nyingine ukiwa mbali kama Ihumwa au Mtumba. Nimeshamweka tena kwa kipaimara cha mpwa wangu, yeye na msaidizi, bila muziki wao. Jumba nitalikodi mwakani baada ya mvua, mwezi wa nne au wa tano, udongo ukiwa bado unashika vigingi, na jenereta nitataka kuisikia ikiunguruma kabla sijamalizia malipo.

Ukimtaka, mpigie mapema ukiwa na umri wa watoto wote mkononi, kwa sababu hilo ndilo swali lake la kwanza. Desemba usingoje. Jumamosi zake zinajaa kwa ubatizo na komunyo mwezi mzima kabla.