TAHADHARI: "Rada ya silo" inayouzwa huku Tanga si rada

Wenye yadi za matofali, wenye mashine za unga na yeyote mwenye silo (tangi refu la kuhifadhia saruji au unga), kuanzia Pongwe na Kange hadi njia ya Pangani: kuna jamaa anazunguka akiuza kifaa cha kupimia kilichomo ndani ya silo, anachokiita "rada ya silo". Ovaroli safi, kompyuta mpakato kwapani, na kwenye simu anakuonyesha namba: tani 38.4. Ukishaiona hiyo nukta nne, unaamini. Msimlipe.

Mteja wangu mmoja aliniita baada ya kupokea saruji. Simu ilikuwa inasema silo bado ina nafasi, kumbe imeshajaa na vumbi linafumuka kwenye kichujio cha juu. Nilipokifungua kifaa, chini ya stika mpya kulikuwa na ya zamani: ni cha matangi ya maji. Kinapiga sauti na kusubiri mwangwi. Kwenye maji hakina shida, sina ugomvi nacho. Ila boza linapopuliza saruji, ndani hakuonekani kitu. Vumbi linaimeza sauti, au sauti inagonga vumbi na kurudi, na kifaa kinang'ang'ania namba ya awali. Rada ya kweli hutumia mawimbi ya redio, ndiyo maana vumbi haliisumbui sana. Nyingi za kupimia unga (saruji nayo ni unga) siku hizi ni za masafa ya gigahezi 80, zenye mwale mwembamba usiogonga kuta. Huyu bwana majaribio yake huyafanya asubuhi silo ikiwa imetulia. Hapo hata cha maji kitasoma.

Sasa hizo tani. Hata rada halisi haipimi uzito. Inapima umbali kutoka juu hadi kwenye unga. Tani ni hesabu, na yeye ameingiza uzito mmoja tu: tani 1.5 kwa mita ya ujazo. Hiyo ni saruji iliyoshindiliwa. Iliyotoka kupulizwa ina hewa, inaweza kuwa 1.1 hivi. Kwa silo ya kipenyo cha mita 3, kila mita moja ya kimo ni tani 10.6 kwa hesabu yake, wakati kiuhalisia ni kama 7.8. Halafu unga haulali sawa kama maji. Ukijazwa unainuka katikati kama kichuguu, ukitolewa unachimba shimo palepale katikati. Kwa silo hiyo hiyo na mteremko wa nyuzi 30, kipimo kinachosoma ncha ya kichuguu na kudhani uso ni bapa kinakuzidishia mita za ujazo 4. Hapo zaidi ya tani 4 ni za hewani, na kuna watu wanafunga hesabu za mwezi kwa namba hiyo.

Lililonikera kuliko yote: mteja alipolalamika, aliambiwa na huyo jamaa amwingize kijana ndani akafute kifaa. Jamani, HAPANA. Saruji ikigandamana juu, chini huwa wazi. Ikikatika inammeza mtu na hakuna kamba ya kumvuta. Kifaa kinafikiwa kwa juu, nje, ukiwa na mkanda wa usalama.

Kama umeshatoa advansi, dai risiti ya EFD (yeye hatoi, anasema "tutamalizana"), piga picha stika zote mbili, peleka malalamiko Tume ya Ushindani. Na kama kuna mtu anakuuzia saruji au unga kwa kusoma hicho kifaa, kataa: gari lipimwe kwenye mizani likiwa limejaa, lipimwe tena likiwa tupu, na mizani iwe na stika hai ya Wakala wa Vipimo. Kwa kujua akiba yako mwenyewe, kamba na timazi kupitia mfuniko wa juu, sehemu tatu nne tofauti, inatosha kabisa. Mwenye uwezo aweke lodiseli (vihisi vya uzito) chini ya miguu ya silo, hizo ndizo zinazopima uzito.

Akija kwako, mwambie asubiri boza lianze kupuliza ndipo awashe. Mimi nilimwambia hivyo kwa simu, akasema yuko njiani kuelekea Muheza.