Uzoefu wangu: kitabu cha picha cha watoto, kutoka Moshi, kwa michango ya Kickstarter

Kitabu changu kina kurasa 32, kimepigwa pini mbili katikati, na kinasimulia habari za mtoto wa kike anayeufuata mfongo, yaani mfereji wa asili wa Wachaga, kutoka shambani kwa bibi yake hadi mahali maji yanapochepushwa kutoka mtoni. Nilikiandika nikiwa mwalimu wa darasa la pili hapa Moshi, kwa sababu vitabu vya picha tulivyokuwa navyo kabatini vilikuwa vya msaada, na ndani yake hapakuwa na mgomba hata mmoja. Wachapishaji wawili niliowapelekea mswada walinijibu kwa heshima kwamba kitabu cha rangi kisichokuwa cha mtaala ni gharama wasiyoweza kuibeba. Ndipo nilipoamua kuchangisha.

Kickstarter, huduma ya mtandaoni ya kuchangisha fedha za miradi, ilianzishwa Marekani mwaka 2009, na kanuni yake kuu ni kwamba mradi usipofikia lengo katika muda uliowekwa, ambao hauzidi siku 60, hakuna mchangiaji anayekatwa hata senti. Sisi tuliokaa kwenye kamati za harusi tunaijua vizuri tofauti ya ahadi na fedha mkononi: mtu anaandika laki moja kwenye kadi, kisha mweka hazina anampigia simu hadi siku ya sherehe yenyewe. Hapa ahadi imefungwa kwenye kadi ya benki, na siku ya mwisho, kama lengo limetimia, fedha zinakatwa zenyewe. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo bora kuliko yote katika huduma hii, kwa sababu linamlinda anayechanga dhidi ya kitabu kitakachoishia njiani, na linamlazimisha mwandishi kupiga hesabu kamili kabla ya kufungua mdomo.

Tanzania haimo katika orodha ya nchi ambazo mkazi wake anaweza kufungua mradi huko. Mdogo wangu anaishi London na ndiye aliyepanga kurasa za kitabu, kwa hiyo yeye akawa mwenye mradi na mimi nikatajwa waziwazi kuwa mwandishi mshirika. Asiyekuwa na mtu kama huyo asijaribu kupita mlango wa nyuma. Afikirie njia nyingine mapema.

Lengo letu lilikuwa pauni 2,400 kwa siku 30, na tukapata 2,600 kutoka kwa watu 96. Makato ni asilimia 5 ya huduma yenyewe, kisha asilimia 3 na senti 20 za pauni kwa kila mchango kwa ajili ya kuchakata malipo, kwa hiyo kwetu ziliondoka takribani pauni 227. Fedha zilizobaki ziliingia benki wiki mbili hivi baada ya kampeni kufungwa, na mimi nilikuwa tayari nimemwahidi mchoraji malipo ya wiki ile ile ya kwanza. Nilikosea, na ilinibidi nimwombe radhi.

Hata hivyo, wasomaji niliowaandikia hawana kadi za benki za kulipia mtandaoni. Wazazi wa Majengo, Uru na Kibosho wanalipa kwa simu. Kwa ajili yao niliandikisha majina kwenye daftari na kupokea shilingi 10,000 kwa nakala kupitia lipa namba, na watu 118 walilipa kabla kitabu hakijachapwa. Fedha hizo sikuzigusa hadi kampeni ya London ilipofanikiwa, kwani niliona si haki mchangiaji wa ng'ambo alindwe na kanuni, halafu jirani yangu alindwe na neno langu tu.

Sasa uchapaji, ambako ndiko nilikojifunza mengi. Kitabu cha picha huwa na kurasa 32 kwa sababu karatasi kubwa moja ya mashine, ikichapwa pande zote mbili na kukunjwa, inatoa kurasa 16, na karatasi mbili zinakitosha kitabu bila kupoteza kitu. Mashine ya ofseti, inayochapa kwa bamba zilizobeba picha ya kurasa, inahitaji bamba nne kwa kila upande wa karatasi, moja kwa kila wino: samawati, majenta (waridi iliyokolea), njano na nyeusi, na bei ya bamba ni ile ile uchape nakala 100 au 1,000, ndiyo maana nakala 500 zilinigharimu kwa kila moja chini sana kuliko 100 ambazo ningezimudu bila michango.

Kiwanda nilichokitumia kiko Arusha, nami nilipanda basi kwenda kuiona nakala ya majaribio kwa macho yangu. Nashukuru kwamba nilikwenda. Maji ya mfongo, ambayo kwenye kompyuta yalikuwa ya bluu inayong'aa, yalitoka na rangi ya zambarau iliyofifia. Fundi aliiinua karatasi dirishani, akaniambia, "Mwalimu, bluu hii ni ya taa ya kioo. Kwenye wino haipo." Nilimwuliza, "Sasa kaka yangu, tufanyeje?" Akapunguza majenta, akachapa tena kipande kidogo, na maji yakarudi kuwa maji.

Lililoniumiza zaidi lilikuwa ukurasa wa 14 na wa 15. Tulikubaliana pini, lakini ofisi ya kiwanda ilikuwa imebadili kuwa gundi bila kuniuliza, kwa maelezo kwamba mgongo bapa unapendeza dukani. Picha ya mtoto akiinama kunywa maji imeenea kurasa zote mbili, na gundi ilikuwa imemeza pua yake na jicho moja. Kitabu cha pini kinafunguka hadi mwisho. Cha gundi hakifunguki. Kurudisha makubaliano kulichukua wiki tatu za simu zisizopokelewa, na nakala zote zilifika Moshi wiki saba baada ya tarehe niliyowatangazia wachangiaji. Niliwaandikia kila baada ya wiki mbili, nikaweka na picha ya pua ile iliyopotea, na hakuna hata mmoja aliyedai kurudishiwa fedha.

Katika nakala ile ile niliona mistari ya penseli ikionekana upande wa pili wa karatasi, nikaomba tutoke karatasi ya gramu 115 kwa mita ya mraba twende ya 150. Kitabu kikapendeza kweli. Lakini uzito wa nakala moja ukapanda kutoka gramu 107 hadi 132, na pamoja na bahasha na kadibodi ya kuzuia kona zisijikunje, gharama ya posta ikazidi ile niliyowatoza wachangiaji. Vya Uingereza nilivifunga katoni moja, mdogo wangu akavigawa kwa posta ya huko. Vya Ujerumani, Marekani na Kanada nilivituma kimoja kimoja kutoka hapa, na pengo nililiziba kwa mshahara wangu.

Namba ya ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, niliipata kwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, nami namshauri mwandishi aiombe mapema, kwa sababu jalada la nyuma haliwezi kufungwa bila namba hiyo.

Kwa kuchangisha fedha za Watanzania walioko nje na rafiki zao, naipa huduma hii alama 4 kati ya 5. Kwa mwandishi asiye na mshirika katika nchi zilizoorodheshwa, haimfai. Kitabu cha pili kinahusu soko la ndizi, na mchoraji ameanza kazi. Safari hii nimechagua karatasi kwanza, nikatengeneza kitabu kitupu cha kurasa 32, nikakipima posta kikiwa ndani ya bahasha yake, ndipo nikakaa kuandika lengo la kampeni.