Peponi kwa Kiswahili, na yule paka wa Mombasa: vitabu viwili niko navyo mwezi huu

Nianze na Peponi maana ndio kilonikosesha usingizi. Hii ni ile riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, ilotoka 1994 ikafika mpaka orodha ya mwisho ya tuzo ya vitabu ya Booker kule Uingereza, alafu 2021 mwenyewe akapata Nobel ya fasihi ndio dunia ikaanza kuuliza huyu Mzanzibari ni nani. Kiswahili kaiweka Ida Hadjivayanis, wakachapisha Mkuki na Nyota kule Dar 2022. Mimi ya Kiingereza nilishaisoma zamani na nikaipenda, lakini hii nilivyoipata (binamu yangu kaniletea na basi kutoka Dar, kuna duka hapa mjini lilinizungusha miezi mitatu, kila nikienda ati rudi wiki ijayo) nimeona ile mara ya kwanza nilikua kama mtu anaesikia harusi ya jirani akiwa nje ya mlango.

Kisa chenyewe, Yusuf ana miaka 12, babake ana hoteli ndogo mji wa Kawa, mji ulochangamka Wajerumani walipokua wakijenga reli alafu ukapoa. Kuna tajiri anakuja kuwatembelea, Aziz, mtoto anamhesabu ni jamaa yao kabisa, na kila akiondoka humwachia sarafu ya anna kumi. Siku moja kijana anaambiwa haya, panda gari la moshi ufuatane nae pwani. Anaenda. Kumbe babake ana deni limemshinda na yeye ndie rehani. Kule pwani, kwenye duka la Aziz, anampata Khalil, mkubwa wake kidogo, nae pia yuko pale kwa deni la babake, na huyo ndie anaemfungua macho kua yule tajiri si jamaa yako, mwite Seyyid, yaani bwana.

Hapo nilikua nasoma kwa sauti, mamangu yuko kwenye mkeka anachambua mchele. Mama Kiingereza hasomi. Miaka yote namwambia kuna mtu wa Unguja kaandika mambo yetu na yeye hunijibu "vizuri" basi imeisha. Siku hio akaweka ungo chini.

"Ebu rudia hapo. Ina maana babake hata kumwambia hakumwambia?"

"Hakumwambia mama."

Akanyamaza kidogo. "Na mamake je?"

Wallahi nilikosa la kumjibu. Nimesoma kitabu kizima cha Kiingereza nikamfikiria Yusuf, nikamfikiria Aziz, huyu mama alobaki Kawa sikuwahi kumfikiria hata dakika moja, na tangu siku hio nikisoma namuona yeye tu amesimama mlangoni.

Alafu kuna hili jina Khalil anamwita Yusuf, kifa urongo. Hata kwenye Kiingereza lilikuwemo hivyo hivyo, lakini pale lilikua mgeni, limekaa peke yake kati ya maneno ya watu. Hapa liko kwao. Na sisi Mombasa uongo twauita urongo, mama kusikia tu akacheka akasema huyu kijana ni wetu.

Sehemu naipenda kupita zote ni ya Kalasinga, fundi wa Kisingasinga, anaetaka kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili. Wenzake wanamwambia wewe Kiarabu hujui, Kiswahili chenyewe wakivunja vunja, anasema ataitoa kwenye ile ya Kiingereza. Sasa fikiria unayasoma hayo kwenye kitabu ambacho chenyewe kimetolewa Kiingereza kikaletwa Kiswahili! Nilifunga kitabu nikakaa nacho kifuani kwanza. Nilikua kwenye feri ya Likoni, watu wanashuka mimi bado nimekaa.

Kasoro zipo. Safari ya bara ni ndefu, wapagazi, magonjwa, hongo kila mji, kuna kurasa nilikua nazisukuma tu, na pia kuna mahali naona Kiswahili kimenyooka sana kwa watu wa msafara, wale ni watu wa matusi na mzigo kichwani, natamani wangeachiwa waongee ovyo zaidi. Lakini ile bustani ya Seyyid yenye ukuta na maji na miti, aisee, pale lugha imetulia mpaka wasikia ubaridi. Nunua, azima, fanya unavyojua.

Kitabu cha pili bado sijamaliza. The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber, mwana wa Mombasa hapa hapa, ilitoka 2021 na ikapata tuzo ya Ursula K. Le Guin 2022, ya kwanza kabisa kutolewa. Aisha, msichana wa Kihadhrami (Waarabu wa asili ya Yemen), babake mvuvi kapotea baharini, anaenda kumtafuta na chombo cha mifupa akiwa na paka msomi anaezungumza. Na kunguru wanazungumza pia. Mtu wa Mombasa hawezi kubisha hilo, kunguru wetu wakikutazama tu wajua wana la kusema.

Kiingereza chake kizito lakini, sentensi moja wairudia mara mbili, na baada ya bahari mwendo unapungua sana, bado nangoja uchanganye tena. Ila kuvisoma pamoja kumenifanyia kitu, huku baba anamtoa mwanawe alipe deni, huku mwana anaingia kwa majini na mapapa amrudishe babake, nikitoka kwa Yusuf nina hasira Aisha ananipoza.

Hiki hakina Kiswahili kwa hio mama namtafsiria mimi mwenyewe usiku, polepole, kama Kalasinga. Juzi nikakwama kwenye maneno ya yule paka, nikayaweka kwa Kiswahili cha vitabu, mama akakataa. "Paka wa Mombasa haongei hivyo," akanipa maneno yake, na nimeyaandika na penseli pembeni mwa ukurasa. Peponi sasa iko kwa jirani, na baada yake kuna watu wawili wanaingoja.