Adhana nzuri, lakini yataka kujua nimelala wapi

Programu hii ya saa za sala naipa nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za adhana. Sauti inatuliza, na kwa miezi saba wakati wake haujapishana na msikiti wetu hapa Wete.

Siku naiweka iliomba kujua mahali nilipo, nikairuhusu moja kwa moja. Niliona ni jambo la sala, tena bure, na bila shaka yahitaji kujua nilipo ndiyo ipate kibla. Mwezi uliopita bando likawa linakwisha kabla ya siku zake. Nikampelekea simu mpwa wangu, fundi pale Chake Chake. Akafungua Mipangilio, akaingia kwenye Dashibodi ya Faragha, ambayo ipo tangu Android 12, akanigeuzia kioo: "Mjomba, hebu tazama." Saa nane usiku, saa tisa, saa kumi kasoro robo, programu imesoma mahali nilipo. Na mimi nimelala, alfajiri bado.

Hilo limeniuma kuliko bando. Anayejua simu inalala wapi kila siku na Ijumaa mchana inakwenda wapi, keshaijua nyumba yangu na msikiti wangu, jina langu la nini tena? Wala si dhana tupu. Novemba 2020 waandishi wa Motherboard, jarida la teknolojia la mtandaoni, walifichua kwamba programu ya sala ya Muslim Pro (mimi natumia nyingine) ilikuwa ikipeleka taarifa za mahali walipo watumiaji wake kwa X-Mode, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikiwauzia hata wakandarasi wa kijeshi. Muslim Pro wakatangaza kuvunja uhusiano huo. Januari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ikaipiga marufuku X-Mode kuuza taarifa za watu kufika sehemu nyeti, nyumba za ibada zikiwamo.

Na kibla yenyewe! Makka na Pemba zimekaa karibu mstari mmoja, sisi tunaelekea kaskazini tu. Wazee wetu upande huo wa kaskazini wanauita kibla.

Nimeinyima ruhusa. Nimehangaika kurasa tatu ndani mpaka nikapata pa kuandika "Wete" kwa mkono. Saa za sala hazikusogea hata dakika moja. Sasa usiku ule ilikuwa ikitafuta nini?

Ndugu waundaji, hapo pa kuchagua mji pawekeni ukurasa wa mwanzo, kabla ya kuomba ruhusa yoyote. Siku nikipaona, nitarudi kuongeza nyota.